AC ya nyumbani Pwani: yanayosemwa mtaani na yaliyo kweli

Nyumba nyingi za Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja zilijengwa zipitishe upepo: madirisha ya luva, matundu ya hewa juu ya linta, uwazi kati ya ukuta na bati. Feni ya dari ilitosha. Sasa AC inaingia chumba kimoja kimoja, aghalabu cha kulala, na inaingia pamoja na maneno mengi ya dukani na ya mafundi wa kubahatisha. Maneno hayo yanawagharimu watu, maana AC ya ukutani hainunuliwi ikiwa imekamilika. Yale maboksi mawili, la mashine ya ndani na la mashine ya nje, ni nusu ya kazi. Mabomba, njia ya maji, umeme na kuondoa hewa vyote vinafanyika ukutani kwako kwa saa tatu au nne, na kompresa nyingi, yaani pampu ya gesi iliyo kwenye mashine ya nje, huanza kufa hapo.

“AC inaingiza hewa baridi kutoka nje”

Haiingizi chochote. Mashine ya ndani inavuta hewa ya chumba hicho hicho, inaipitisha kwenye mapezi yaliyopozwa na gesi, kisha inairudisha. Kinachotoka nje ni joto, likibebwa na gesi ndani ya bomba la kopa.

Kwa hiyo chumba kinatakiwa kufungika. Luva, hata ukivifunga vioo vyake, inaacha nyufa kila mstari, na hewa ya Pwani inayopenya hapo inakuja na mvuke. AC inatumia sehemu kubwa ya nguvu yake kuugeuza mvuke huo kuwa maji badala ya kukupoza. Weka dirisha la aluminiamu lenye mpira, au ziba luva kwa kioo kizima na silikoni. Ziba matundu ya hewa, weka mpira chini ya mlango. Chumba kilicho chini ya bati tupu kiwekewe dari kwanza. Fedha ya dari itakusaidia kuliko kuongeza ukubwa wa mashine.

Na kwa kuwa hakuna hewa mpya inayoingia, jiko la mkaa lisiingie kabisa kwenye chumba hicho, hata likiwa limebaki majivu yenye moto. Jenereta nayo isiwashwe kibarazani karibu na dirisha. Kaboni monoksidi, hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa na jenereta, haina rangi wala harufu, na AC itaizungusha tu humo humo mlimolala. Asubuhi fungua dirisha dakika kadhaa.

“AC ya maji ni ileile, tofauti ni bei”

Kile kifaa cha magurudumu kinachojazwa maji na barafu ni feni inayopuliza kwenye sponji lililolowa. Hupoza kwa kuyageuza maji kuwa mvuke, jambo linalowezekana pale tu hewa ikiwa kavu. Dodoma wakati wa kiangazi utaiona faida yake. Kigamboni au Likoni, ambako hewa tayari imejaa unyevu, kitakuongezea jasho na ukungu kwenye nguo za kabatini.

“Kubwa zaidi ndiyo salama zaidi”

Chumba cha mita 3.5 kwa 4, chenye dari ya mita 2.8, kina mita za mraba 14. Kwa hali ya hewa yetu piga BTU (kipimo cha joto ambalo mashine inaliondoa kwa saa) 600 hadi 700 kwa kila mita ya mraba: hapo ni 9,000. Kama ukuta mmoja unapigwa na jua la jioni, au juu kuna bati lisilo na kizuizi cha joto, nenda 12,000. Ukifunga ya 18,000 kwenye chumba hicho, itafikia nyuzi ulizoweka ndani ya dakika chache na kupumzika kabla haijakamua unyevu. Utakuwa na chumba cha baridi chenye shuka zinazonata, na kompresa inayowaka na kuzima usiku kucha.

Hizo BTU, ieleweke, si umeme. Ya 12,000 inaondoa joto la kilowati 3.5 huku ikila umeme wa kilowati 1 hivi inapokimbia kwa nguvu zote. AC ya inveta ya 9,000, chumba kikishapoa na ikiwa kwenye nyuzi 26, inaweza kwenda kwa wastani wa wati 400 au 500. Saa nane za usiku ni kama uniti nne, na kwa mwezi ni uniti 120. Hapa ndipo wengi wanashtuka: aliye kwenye daraja la D1 la TANESCO, ambalo ni la matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, atahamishiwa T1, na nyumba nzima itaanza kununua LUKU kwa bei ya juu, taa na friji vikiwemo. Lipigie hesabu hilo kabla ya kwenda dukani.

“Inveta itaendelea kuwaka umeme ukikatika”

Jina limechanganya watu, kwa sababu inveta tunayoijua ni ile ya sola na betri. Iliyomo kwenye AC kazi yake ni kupunguza au kuongeza mwendo wa kompresa. Umeme ukikatika inazima kama nyingine.

Faida yake ni matumizi madogo na kuanza taratibu bila kuvuta umeme kwa kishindo. Hasara yake ni kadi ya umeme iliyo kwenye mashine ya nje: umeme ukirudi kwa nguvu baada ya mgao, kadi ndiyo huungua kwanza, na bei yake inauma. Weka kilinzi cha volteji kinachobeba ampea 16 au zaidi, chenye kuchelewesha dakika tatu hadi tano. Kile kidogo cha friji, cha ampea 5, hakifai. Kama jioni mtaani kwenu umeme hushuka hadi volti 180, soma kibandiko cha mashine uone inavumilia mpaka ngapi. Kompresa ya kawaida kwenye volteji hiyo hunguruma bila kuanza huku waya zake zikichemka.

“Chomeka kwenye soketi yoyote”

Kwenye karatasi soketi ya ampea 13 inaibeba AC ya 9,000. Lakini pasi unaiwasha dakika kumi, AC inakwenda saa nane, na soketi iliyolegea inaanza kuwa ya kahawia, kisha inayeyuka. Vuta laini yake kutoka kwenye bodi: waya wa milimita za mraba 2.5 na breka ya ampea 16 au 20 kwa mashine za 9,000 na 12,000, au kadiri kitabu chake kinavyosema. Ethi iwe ya kweli, yenye fimbo ardhini.

“Weka 16 ipoe haraka”

Remoti inaiambia mashine isimame wapi. AC ya kawaida inapoza kwa kasi ileile ukiweka 16 au 25. Ya inveta nayo, chumba kikiwa bado cha moto, tayari inakimbia kwa nguvu zote. Weka 26 na feni ya dari mwendo wa polepole.

“AC inaleta nimonia”

Nimonia huletwa na vijidudu. Ila chujio lililojaa vumbi na mapezi yenye ukungu humsumbua sana mtoto mwenye pumu. Toa chujio kila baada ya wiki mbili, lioshe kwa maji ya bomba, likauke kivulini, lirudishe.

“Ifungie mashine ya nje isiibiwe”

Hofu ni ya haki, kopa inaibwa. Tatizo ni vizimba vya mabati na vibaraza vilivyozibwa: hewa ya moto inayotoka mbele inazunguka na kurudi kuvutwa nyuma, presha inapanda, na saa nane mchana, joto likiwa kali, mashine inajizima. Grili ya nondo zilizoachana inatosha. Acha angalau sentimita 15 nyuma, na mbele mita moja iliyo wazi. Karibu na bahari osha mapezi ya nje kwa maji baridi yasiyo na presha kubwa kila mwezi au miwili, la sivyo chumvi itayala. Bolti na mabano yapakwe rangi ya kuzuia kutu, au yawe ya chuma kisichoshika kutu.

“Ikidondosha maji imeharibika”

Kwa nje, hiyo ndiyo kazi yake: ya 12,000 inaweza kutoa lita moja hadi moja na nusu kwa saa usiku wa Machi. Maji yakitiririka ndani ukutani, kosa ni la mfungaji. Tundu la ukuta, la upana wa sentimita 6.5 hivi, lilale kidogo kuelekea nje. Mpira wa maji ushuke mfululizo bila kupanda popote, na ncha yake isizame kwenye ndoo wala isiingizwe chemba ya choo, maana harufu itapanda nao. Kabla fundi hajaondoka, mwaga lita moja ya maji kwenye trei ya mashine ya ndani, utoke nje uyaone yakitoka.

“Gesi hujazwa kila mwaka”

Huu ndio uongo uliozoeleka kuliko wote. Gesi haiishi kwa matumizi kama ya kupikia. Inazunguka ndani ya mfumo uliozibwa, na ikipungua, kuna inapotokea. Ishara yake ya mapema ni barafu kwenye nati ya bomba jembamba la mashine ya nje. Anayejaza bila kutafuta uvujaji atarudi, na utamlipa tena.

Mara nyingi inavuja kwenye mdomo wa bomba uliopanuliwa vibaya. Mtazame fundi hapo. Akate kopa kwa kisu cha gurudumu, si msumeno. Akwangue ukingo wa ndani huku mdomo wa bomba ukitazama chini, ili unga wa kopa usiingie. Aivishe nati kabla ya kupanua, apanue, kisha auangalie mdomo kwenye mwanga: ung'ae, duara sawa, bila ufa wala mkwaruzo. Tone la mafuta ya kompresa, akaze kwa mkono kwanza, halafu spana ya kupima nguvu: bomba la robo inchi, nyutoni mita 14 hadi 18, la inchi 3/8, 34 hadi 42. Wanaokaza mpaka kopa ipige kelele ndio wanaoipasua. Mabomba yote mawili yavishwe sponji, kila moja lake, kwa kuwa yote hupitisha gesi ya baridi na kutoa jasho.

Halafu hewa. Mabomba mapya yamejaa hewa yenye unyevu, na wengi “huipuliza” kwa kufungulia gesi kidogo. Unyevu unabaki, unachanganyika na mafuta ya kompresa, unageuka tindikali inayokula waya zake. Mabomba yapimwe kwanza kama yanavuja, kwa naitrojeni na povu la sabuni. Oksijeni kamwe: ikikutana na mafuta hulipuka. Kisha pampu ya vakyumu dakika 15 hadi 30, mpaka chini ya mikroni 500 (kipimo cha hewa iliyobaki ndani), ifungwe, na geji isubiriwe dakika kumi bila kupanda. Hapo ndipo vali zinafunguliwa.

Gesi ya kiwandani kwa kawaida inatosha bomba la mita 5 au 7.5; zaidi ya hapo huongezwa kwa mizani, gramu kwa kila mita kama kibandiko kinavyosema. Angalia aina ya gesi kwenye kibandiko: ya R410A ijazwe ikiwa kimiminika, na R32 isivutiwe sigara karibu, maana inashika moto. AC ya mtumba yenye gesi ya zamani ya R22 usiinunue: Itifaki ya Montreal imezipangia nchi zinazoendelea kuiacha 2030.

Kazi ikiisha, aandike kwa kalamu isiyofutika ndani ya kifuniko cha mashine ya nje: aina ya gesi, gramu alizoongeza, urefu wa bomba, tarehe. Fundi atakayekuja baadaye aanzie hapo.