Bamba la omo kwenye boti kuukuu: lifungue lote

Katika hori la Kilifi hutia nanga boti nyingi za matanga za faibaglasi, baadhi zimejengwa Ulaya tangu miaka ya 1970. Mwenye boti akiniita kwa kazi ya omo, yaani sehemu ya mbele kabisa ya boti, aghalabu anataka roda ya nanga (gurudumu linalopitisha mnyororo wake) ibadilishwe na bamba la stenlesi lisuguliwe ling'ae. Roda nitabadilisha. Bamba siligusi kwa msasa mpaka nimelifungua, kwa sababu ndilo linaloshika waya wa mbele wa mlingoti. Likikatika safarini, mlingoti huangukia nyuma, walipo watu.

Stenlesi hulindwa na utando mwembamba wa oksidi ya kromiamu unaojijenga upya kila ukikwaruzwa, mradi upate oksijeni. Chini ya bamba, na kwenye shingo ya bolti iliyozama ndani ya sitaha, maji ya chumvi hutuama bila hewa. Utando hufa, chuma hulika kwa ndani, uso unabaki unametameta. Msumari wa jahazi ukishika kutu hutia doa ubao mzima, fundi akauona mapema. Stenlesi huficha ugonjwa. Tafuta michirizi ya kahawia chini ya bolti, na nyufa kwenye mikunjo na kandokando ya weldi. Chukua lenzi, macho matupu hayatoshi.

Mlingoti kwanza. Shusha tanga, leta jarari mbili (kamba za kupandishia tanga) mbele, zifunge omoni mahali imara na uzikaze, ndipo ulegeze waya na kutoa pini. Fanya asubuhi, upepo haujapanda. Pini iliyolika ikaonyesha kiuno haifai tena.

Bolti zikitoka, chokonoa matundu kwa msumari uliokunjwa. Sitaha nyingi za zama hizo zina mbao laini ya balsa katikati ya maganda mawili ya faibaglasi. Ukitoka uchafu mweusi wenye unyevu, kazi imehamia huko: kwangua hadi mbao kavu na nyeupe, acha pakauke kabisa, jaza epoksi nzito, gundi inayoganda ikawa ngumu. Hata mbao ikiwa nzima, tundu la bolti ya milimita 10 mimi hulipanua hadi 16, nikalijaza epoksi, kisha nikalitoboa upya kwa 10. Maji yakipenya siku moja, hayatakutana na mbao.

Bamba jipya liwe la stenlesi ya 316, yenye molibdenamu asilimia 2 hadi 3, na lisiwe jembamba kuliko la zamani. Kata kielelezo cha kadibodi kwanza: tundu la pini likikaa upande, waya utalivuta kimshazari mpaka lichoke. Weldi ikiacha rangi ya buluu na kahawia, iondoe kwa asidi ya kusafishia stenlesi, maana kutu huanzia hapo. Roda nachagua ya asetali, plastiki ngumu, kwa kuwa nailoni hunyonya maji, ikavimba na kukwama.

Kuzibia maji chini ya bamba, silikoni sitii, huacha mafuta yanayokataa gundi yoyote baadaye. Natumia utepe wa butili, mpira laini unaonata, nao hukaa vizuri ukikwangua mdomo wa tundu uwe na mteremko. Chini ya sitaha weka bamba la kuegemeza. Mwenzako ashikilie kichwa cha bolti juu kisizunguke, wewe ukaze nati kwa chini. Rudia kuikaza kidogo kidogo kwa siku kadhaa, butili ikiendelea kujikamua kwa joto la jua, na inayotokeza uikate kwa kipande cha plastiki.