Kiti kisicho na kura: maspika wa Seneti ya Kenya

Nikiwauliza wanafunzi wangu wa sheria ya katiba nani alikuwa spika wa kwanza wa Seneti ya Kenya, wengi hujibu bila kusita: Ekwee Ethuro. Hawajakosea sana. Wamepitwa na miaka hamsini tu.

Aliyekalia kiti hicho kwanza, mwaka 1963, ni Timothy Chokwe, mwanasiasa wa Pwani. Seneti yake ilikuwa na maseneta 41: mmoja kwa kila wilaya kati ya zile 40, na mmoja wa Nairobi. Ilizaliwa katika mvutano. Chama cha KADU cha Ronald Ngala kilitaka majimbo, yaani mikoa yenye mamlaka yake, chama cha KANU kikataka serikali moja yenye nguvu, na Seneti ikawekwa mlangoni kama kufuli. Kufuli lenyewe halikuwa la mchezo, kwani vifungu vya Katiba vilivyolindwa zaidi havingeguswa mpaka maseneta tisa kati ya kila kumi wakubali.

Kufuli likalegea upesi. Novemba 1964 KADU ilijivunja na watu wake wakahamia KANU. Mwaka uliofuata kiwango cha kura za kubadili Katiba kikashushwa hadi asilimia 65. Mwishoni mwa 1966 Seneti ikapiga kura ya kujifuta.

Kwa nini mtu akubali kubomoa nyumba anayolala? Jibu liko kwenye hesabu. Baraza la Wawakilishi, lile baraza la pili la Bunge, lilikuwa na maeneo bunge 117. Mabaraza yalipounganishwa, maeneo yakawa 158. Toa 117 uone kinachobaki: 41. Kila seneta alitengewa mahali pa kuketi katika bunge jipya. Huwa nasema, nusu kwa utani, kwamba wao ndio mababu wa maslahi binafsi katika marekebisho yetu ya katiba. Kilichokosa pa kwenda ni kiti cha spika, maana bunge moja halina maspika wawili. Humphrey Slade, aliyekuwa spika wa Baraza la Wawakilishi, ndiye aliyebaki kuongoza mpaka 1970.

Kisha kimya, hadi Machi 2013.

Katiba ya 2010 ilirudisha kiti hicho kikiwa cha aina nyingine. Spika huchaguliwa na maseneta, lakini yeye mwenyewe hawezi kuwa seneta. Anatoka nje, akiwa na sifa za kugombea ubunge. Akishaketi, hana kura. Kura zikilingana hakuna cha kuamua mshindi: hoja imeanguka, basi. Wageni wa somo hili huona huyo ni mshereheshaji tu. Mimi naona wanatazama mahali pasipo. Uzito wa kiti uko kwenye Kifungu cha 110, kinachosema kwamba kabla mswada haujajadiliwa, maspika wa mabaraza yote mawili waamue kwa pamoja kama unahusu kaunti. Ukihusu, lazima upite Seneti. Usipohusu, Seneti itausikia redioni kama sisi wengine.

Ethuro, spika wa kwanza wa Seneti hii mpya na aliyewahi kuwa mbunge wa Turkana ya Kati, ndiye aliyelazimika kupigania hilo. Katika Mswada wa Ugavi wa Mapato wa 2013, Bunge la Kitaifa lilizipa kaunti shilingi bilioni 210, Seneti ikataka bilioni 258. Badala ya kwenda kwenye kamati ya upatanishi, mswada ukapelekwa kwa Rais akautia saini. Ethuro na Seneti yake wakaenda Mahakama ya Juu kuomba ushauri, na tarehe 1 Novemba 2013 majaji wengi wakasema Seneti haikupaswa kurukwa. Kwangu, hiyo ndiyo siku kiti kilipopata miguu, ingawa ugomvi haukuisha. Oktoba 2020 Mahakama Kuu ilifuta sheria 23 zilizopitishwa bila Seneti, na rufaa zikafuata.

Waliomfuata Ethuro wana jambo moja la kufanana. Kenneth Lusaka aliingia Agosti 2017 baada ya kushindwa kutetea ugavana wa Bungoma. Amason Kingi, mtu wa Pwani kama Chokwe, aliingia Septemba 2022 baada ya mihula miwili ya ugavana Kilifi. Seneti ndiyo mahakama ya magavana waliotimuliwa na mabunge ya kaunti. Chini ya Lusaka mwaka 2020 waliondoka Ferdinand Waititu wa Kiambu na Mike Sonko wa Nairobi. Kuwa na gavana wa zamani juu ya kiti hicho kuna faida, kwa kuwa anajua ofisi inavyoendeshwa, lakini sidhani tumejiuliza vya kutosha kuhusu mlango unaofunguka pande zote mbili. Mwaka 2022 Lusaka alirudi kuwa gavana Bungoma, yaani akawa miongoni mwa wale wanaoweza kuitwa mbele ya baraza alilokuwa akiliongoza.

Usiku wa tarehe 17 Oktoba 2024 Kingi ndiye aliyesimamia kura ya kumwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua. Mashtaka yalikuwa 11. Matano yakapata theluthi mbili, na moja tu lingetosha. Nafasi hiyo ikaenda kwa Kithure Kindiki, ambaye Mei 2020 Seneti hiyohiyo ilimng'oa kwenye unaibu spika.