Mkuki wa Shakespeare si wa vita

Wengi huamini kila alama kwenye nembo ya mtu, yaani ngao yenye picha inayomtambulisha yeye na uzao wake, ina maana yake moja: simba ni ujasiri, nyekundu ni damu iliyomwagika, nyeusi ni msiba. Kwa nembo za Ulaya sivyo, na imani hiyo inatunyima uhondo wake.

Tazama nembo ya William Shakespeare. Ngao ni ya dhahabu. Mkanda mweusi unaikata kimshazari, na ndani ya mkanda umelala mkuki wa dhahabu wenye ncha ya fedha. Ukisoma kwa mazoea utasema huu ni ukoo wa wapiganaji. La hasha! Baba yake, John, aliyepewa nembo hiyo mwaka 1596, alikuwa mtengeneza glavu wa mji wa Stratford, Uingereza. Mkuki umetokana na jina: kwa Kiingereza, Shakespeare husikika kama "tikisa mkuki". Hata ndege aliye juu ya ngao, kozi mwenye mabawa yaliyotanuka, ameshika mkuki. Ni kitendawili cha picha, na jibu lake ni jina lenyewe.

Na weusi je? Wachora nembo wana kanuni ya kale: rangi, kama nyeusi au nyekundu, isikae juu ya rangi, wala dhahabu na fedha, ambazo kwao ni metali, zisipandane, ili ngao itambulike kwa mbali. Mkuki wa dhahabu ungepotelea kwenye ngao ya dhahabu. Mkanda mweusi ndio unaouonyesha.

Tena nembo hiyo ilikuwa ya John na uzao wake, si ya kila aitwaye Shakespeare. Wanaouza "nembo ya jina lako" mtandaoni wanauza picha tu.