Sehemu ya tatu ilivyotudanganya: msimu wa tano wa Doctor Who

Kazi yangu ni kufungua mikebe. Nahifadhi filamu na kanda za televisheni, na kabla sijasoma kilichoandikwa juu ya mkebe natanguliza pua. Filamu ya asetati ikianza kuoza inanuka siki, kama achari iliyosahaulika kabatini. Ikishafika hapo hairudi nyuma. Unaitenga isiziharibu nyingine, unaiweka pakavu penye baridi, halafu unakimbizana nayo uinakili kabla haijasinyaa ikakataa kupita kwenye meno ya mashine.

Wiki iliyopita kijana mmoja ninayefanya naye kazi alinikuta nimevaa vipokea sauti, natazama tamthilia isiyo na rangi ya mwaka 1967.

"Mzee, hiyo si ya watoto?"

Ni ya watoto kweli, mwanangu, nikamwambia. Vuta kiti.

Nilikuwa natazama Doctor Who, msimu wa tano. Kwa asiyeijua, BBC ilianza kuionyesha Novemba 1963: Daktari ni msafiri wa wakati, chombo chake ni kibanda cha polisi cha rangi ya buluu, na ndani ya kibanda ni kupana kuliko nje. Mwigizaji akitaka kuondoka, Daktari anabadilika sura na hadithi inaendelea. Katika msimu huu Daktari ni Patrick Troughton, mtu mfupi, koti linampwaya, nywele kama amefunikwa bakuli. Anafuatana na Jamie, kijana wa Kiskoti aliyeigizwa na Frazer Hines, na Victoria, aliyeigizwa na Deborah Watling.

Sisi wa Tanzania Bara hatukuiona kwa wakati wake, kwa kuwa televisheni yenyewe tuliipata miaka ya 1990. Mimi niliijua kazini. Wahifadhi wa filamu wanaizungumzia tamthilia hii kama wavuvi wanavyomzungumzia samaki aliyekata mshipi.

Msimu wa tano ulianza 2 Septemba 1967 ukaisha 1 Juni 1968. Visa saba, sehemu 40, kila sehemu dakika 25 hivi. Kati ya hizo 40, zenye picha na sauti ni 22. Kisa cha kwanza, The Tomb of the Cybermen, kiko kamili. Cha nne, The Enemy of the World, nacho kiko kamili. Cha sita, Fury from the Deep, hakina hata sehemu moja. Vilivyobaki vina mapengo, kama meno ya mtoto wa darasa la pili.

Wapenzi wa tamthilia wanauita msimu wa mazimwi, na kwa miaka mingi wameusifu kuwa ndio kilele cha Troughton. Mimi nasema nusu ya sifa hiyo imetokana na kutoonekana. Visa karibu vyote vimejengwa kwa ramani moja: watu wachache wamejifungia mahali, zimwi liko nje, mkuu wa kituo ni mbishi na anakaribia kurukwa na akili, Daktari anafika bila kualikwa na anashukiwa yeye. Mara ni nyumba ya watawa Tibet (iliyopigwa picha kwenye milima ya Wales), mara ni kituo kwenye barafu, mara ni mitambo ya gesi baharini, mara ni kituo cha angani. Sababu ni fedha. Ukijenga ukumbi mmoja mkubwa studioni ukautumia wiki sita, unabakiwa na pesa ya kushonea mazimwi. Tazama visa vitatu mfululizo, utaweza kutaja dakika ambayo mkuu wa kituo ataanza kufoka.

Lakini nani aliweza kutazama vitatu mfululizo? Hapo ndipo penye jambo langu.

Vipindi vilirekodiwa kwenye mkanda wa video wa upana wa inchi 2. Mkanda huo ulikuwa ghali, na uzuri wake, ambao ndio uliogeuka balaa, ni kwamba unafutika na kutumika tena. Makubaliano na chama cha waigizaji yalibana marudio, kaseti za nyumbani hazikuwapo, na rangi ilipoingia hakuna aliyeona faida ya kutunza vitu visivyo na rangi. Mikanda ikafutwa. Ila kabla ya kufuta, idara ya mauzo ilikuwa imetengeneza nakala za kuuza nje kwa njia ambayo ukiielezea mtu anadhani unatania: kamera ya filamu ya milimita 16 inaelekezwa kwenye kioo cha runinga, kipindi kinachezwa, nayo inakipiga picha. Sehemu moja ya dakika 25 ni kama mita 286 za filamu, mkebe mmoja wa kubeba kwa mkono.

Mikebe hiyo ndiyo iliyosafiri. Kituo kimoja kikimaliza kuonyesha, kinapeleka kwa kingine nchi nyingine, mpaka mkataba unapoisha. Mwisho wa safari agizo lilikuwa rudisha, au teketeza. Zilizorudi London nazo ziliteketezwa kwa wingi miaka ya 1970. Kwa hiyo tulichonacho leo, kwa sehemu kubwa, tumekipata kwa uzembe wa mtu fulani ambaye hakutekeleza agizo. Nalisema hili kwa heshima zote kwa mabwana stoo wa dunia nzima.

Sasa sikiliza hizi habari mbili.

The Tomb of the Cybermen kilipotea chote. Waliokiona wakiwa watoto walikisimulia kwa zaidi ya miaka 20: makaburi ya barafu kwenye sayari ya Telos, watu wa chuma wanaamka, wanapasua utando na kushuka ngazi taratibu. Kikawa kisa bora kuliko vyote, kwa sababu hakuna wa kubisha. Mwishoni mwa 1991 kopi zikapatikana Hong Kong, na mwaka uliofuata kikauzwa kwenye kaseti. Kweli, kuamka kwa wale watu wa chuma bado kunasisimua. Kuna pia kikao kimoja cha usiku, Daktari anamfariji Victoria aliyefiwa na baba yake, anaongea taratibu kuhusu jamaa zake mwenyewe. Mimi nakiweka mbele ya mazimwi yote. Lakini waya za kumnyanyulia mtu nazo zinaonekana, na mengine ambayo kumbukumbu ilikuwa imeyasahihisha kimyakimya. Wengine walinung'unika. Kisa hakikuwa kibaya, kilikuwa kimerudishwa tu kuwa kipindi cha Jumamosi.

Pia kulionekana jinsi Toberman alivyoandikwa. Ni mtumishi mweusi, pande la mtu, aliyeigizwa na Roy Stewart, mzaliwa wa Jamaika. Anabeba, anavunja, anakufa kishujaa, na maneno aliyopewa hayajazi kiganja. Kijana wangu pale kiti cha pili aliliona ndani ya dakika kumi bila kuambiwa. Ajabu ni kwamba msimu huohuo una Fariah, mwonja chakula wa dikteta, aliyeigizwa na Carmen Munroe, mzaliwa wa Guyana. Huyo ana ulimi, ana kinyongo, ana akili, na anapowajibu wakubwa zake unaweka kikombe cha chai chini umsikilize. Fariah yumo kwenye kisa cha nne, nacho ndicho habari yangu ya pili.

The Enemy of the World kiliandikwa na David Whitaker na kuongozwa na Barry Letts. Ndicho kisa pekee cha msimu kisicho na zimwi. Badala yake kuna Salamander, Mmeksiko anayejipatia sifa ya mwokozi wa dunia huku akinyakua madaraka nchi hadi nchi, na sura yake ni ya Daktari mtupu. Troughton anawaigiza wote wawili. Kwa miaka mingi ilibaki sehemu moja tu kati ya sita, yaani ya tatu, na hiyo ya tatu, jamani, ndiyo iliyopooza kuliko zote. Watu wanaongea vyumbani. Wanatembea ushorobani. Kuna mpishi mmoja mlalamishi, simchukii, lakini anachukua nafasi. Kwa sehemu hiyo moja kisa kizima kikahukumiwa: kirefu, kikavu, ndicho mapumziko kati ya mazimwi. Waandishi wakarudia, wasomaji wakapokea, nikapokea na mimi.

Sauti za sehemu nyingine zilikuwapo. Uingereza palikuwa na vijana waliokuwa wakirekodi sauti kutoka runinga ya nyumbani, na kwa sababu yao hakuna hata sehemu moja ya Doctor Who iliyopotea sauti. Niliisikiliza sehemu ya kwanza kwa njia hiyo. Dakika za mwanzo ni ngurumo za injini, upepo, mtu anapiga kelele, ngurumo tena. Nikasogeza mbele.

Oktoba 2013 ikatangazwa kwamba Philip Morris, mtafutaji wa filamu zilizopotea, amezikuta kopi kwenye kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria. Alisimulia jinsi alivyofuta vumbi kwenye utepe wa gundi uliobandikwa mikebeni, akaona jina la tamthilia. Sehemu tisa ambazo hazikuwapo popote zikarudi: tano za The Enemy of the World na nne za kisa kinachofuata, The Web of Fear. Kabla ya hapo zilizopotea katika tamthilia nzima zilikuwa 106. Zikabaki 97.

Nikairudia sehemu ya kwanza, safari hii ina picha. Ngurumo ile ni chombo cha kuelea juu ya upepo kinachomkimbiza Daktari ufukweni, halafu helikopta. Kabla ya hapo ameshavua nguo akabaki na suruali ndefu ya ndani na kukimbilia majini, anarukaruka kwenye mawimbi ya baridi ya Novemba kama mtoto aliyefika Bagamoyo kwa mara ya kwanza, huku wenzake wamesimama mchangani wanamtazama. Pwani yenyewe ni Climping, kusini mwa Uingereza, lakini hadithi inasema ni Australia. Letts alimwaga bajeti ya kupiga picha nje ya studio hapo, mapema, na sehemu ya tatu ikalipa deni. Ndiyo maana imejaa vyumba na shoroba. Iliyobaki ilikuwa ile iliyobanwa matumizi.

Ukiendelea, kisa kinageuka kabisa katikati: chini ya ardhi kuna watu waliodanganywa na Salamander kwamba juu kuna vita vya nyuklia bado, na wao wanafanya kazi usiku na mchana kwa imani hiyo. Daktari na Salamander wanakutana ana kwa ana mwishoni tu kabisa. Leo ukiwauliza wapenzi wa tamthilia, kisa kile kikavu kimepanda hadi juu ya visa vya mazimwi vilivyokuwa vikikicheka.

Mtu anayetazama nakala hizi atauliza kwa nini zinaonekana laini vile, si kama sinema kuukuu. Hapa niruhusuni niingie ufundi kidogo. Kamera za video za studio zilitoa picha 50 kwa sekunde, kila moja ikiwa na nusu ya mistari, kwa hiyo mwendo ulikuwa mororo kama taarifa ya habari ya moja kwa moja. Nakala ya filamu inabeba 25 tu. Nusu ya mwendo imekufa, na kipindi cha studio kinaanza kufanana na sinema mbaya. Mafundi wa Uingereza walibuni mbinu inayoitwa VidFIRE: kompyuta inalinganisha picha mbili zinazofuatana, inakisia kilichokuwa katikati, inakichora. Wapo wahifadhi wanaolalamika kwamba huko ni kuongeza kisichokuwapo kwenye filamu. Mimi niko upande wa mafundi, mradi filamu yenyewe imebaki kwenye mkebe wake haijaguswa.

The Web of Fear sitakaa nacho sana, ingawa ndicho kisa cha kuzingirwa ninachokipenda. Manyani ya theluji, Yeti, yako kwenye reli ya chini ya ardhi ya London, na Douglas Camfield ameongoza giza lile kwa mkono wa mtu anayejua vita. Kinachokosekana ni sehemu ya tatu, tena ya tatu! Humo ndimo anamoingia Kanali Lethbridge-Stewart wa Nicholas Courtney, ambaye baadaye angekuwa mmoja wa wahusika wanaopendwa kuliko wote. Mlango aliopitia hatunao. Tuna sauti, tuna katuni iliyotengenezwa 2021, na tuna picha za John Cura, bwana aliyekuwa akipiga picha za kioo cha runinga kwake na kuwauzia waigizaji na waongozaji.

Fury from the Deep ndicho kinachoninyima usingizi. Ndani yake bisibisi ya sauti, ile zana ya Daktari ambayo hata asiyetazama tamthilia huijua, inaonekana kwa mara ya kwanza. Victoria anaaga humo. Na zimwi lake ni mwani. Mwani! Ukimsimulia mama mkulima wa mwani wa Paje, Zanzibar, kwamba Waingereza walitishana kwa mwani na povu atakuuliza kilo walikuwa wanauza bei gani.

Vipande vya picha vipo, vya sekunde chache kila kimoja. Wachunguzi wa filamu wa Australia waliviona vinatisha mno kwa watoto, wakavikata kwa mkasi kabla kisa hakijaonyeshwa kule, na kwa utaratibu wa ofisi wakavitunza kwenye jalada. Filamu yote nzuri iliyoruhusiwa imepotea. Miaka ya 1990 vikapatikana kwenye hifadhi ya taifa ya nchi hiyo. Kimoja nilimwonyesha yule kijana: mafundi wawili waliovaa kikazi, Bwana Oak na Bwana Quill, mmoja mnene na mmoja mwembamba, wameingia chumbani kwa mwanamke. Hawamgusi. Wanamgeukia wote kwa pamoja, wanafungua vinywa wazi kabisa, na wanapumua.

Kijana akarudisha nyuma akakitazama tena, mara tatu, halafu akauliza ile mikebe ya stoo ya nyuma isiyo na lebo tutaanza nayo lini.