Uti wa ufito ni nini, na unahitaji vifaa gani nyumbani

Chukua ufito mtupu wa kuvulia, ule ambao bado haujafungwa mpini wala pete za kupitishia mshipi. Simamisha kitako chake kwenye sakafu ya vigae, ushike karibu na ncha kwa kiganja kilicho wazi, kisha ukandamize katikati kwa mkono wa pili mpaka ujipinde. Sasa uviringishe taratibu. Utaenda vizuri kidogo, utagoma, halafu utaruka ghafla na kutulia. Ukiuviringisha tena, utarudi palepale. Ule upande mgumu unaoukwepa ndio mafundi wa fimbo za kuvulia wanauita uti.

Uti unatokana na namna ufito unavyotengenezwa. Kitambaa cha nyuzi za kaboni au faibaglasi kilicholowa gundi hukatwa, kikaviringishwa kwenye chuma kilichochongoka, kikabanwa kwa utepe na kuokwa kwenye tanuri. Kikishakauka, chuma huchomolewa. Pale kitambaa kinapoanzia na kinapoishia, ukuta wa ufito hauwi sawa na kwingine. Ni kama kanga iliyofungwa kiunoni: palipo na pindo pana unene wa ziada, na hapo hapakunjiki kama pengine. Jambo moja la kuangalia: ufito ambao haukunyooka nao huruka vilevile ukiuviringisha, kwa hiyo unaweza kudhani umepata uti kumbe umepata mkunjo tu.

Wengi hufundishwa kwamba pete lazima zifuate uti, la sivyo fimbo itajigeuza mkononi samaki akivuta. Nami niliamini hivyo kwa muda mrefu. Sasa siamini, na sababu yake iko wazi ukikaa ukaitazama. Kwenye fimbo ya rili ya juu, yaani ile ambayo kigurudumu cha kukunjia mshipi kinakaa juu yake, pete ziko juu na mshipi unapita juu yake. Samaki mzito akivuta, mshipi unataka kushuka chini ya ufito, na unazivuta pete ziende nao. Nguvu hiyo inaushinda uti kwa mbali. Kwenye fimbo ya rili ya chini, pete tayari ziko chini, na fimbo inatulia hata uti uwe upande gani. Kwa hiyo anayemwinda kolekole nje ya kisiwa cha Mbudya kwa rili ya juu na amechoka kupigana na fimbo inayogeuka, dawa yake ni kufunga pete kwa kuzunguka: ya kwanza juu, zinazofuata zinainama ubavuni kidogo kidogo, na zilizobaki mpaka nchani zinakuwa chini.

Mimi uti nautia alama kwa tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, ili niujue. Lakini pete nazipanga kwa unyoofu. Nautazama ufito kwa jicho moja kama seremala anavyotazama ubao, kisha naugeuza mpaka mkunjo wake uelekee juu au chini, usiende kushoto wala kulia. Fimbo ikienda upande, hata kutupa mshipi kunakusumbua.

Sasa vifaa. Kwa kutafuta uti huhitaji kununua chochote: sakafu na viganja vyako vinatosha. Fedha iweke kwenye ufito wenyewe na kwenye pete, kwa sababu maji ya chumvi hayana huruma. Pete yenye fremu dhaifu itaanza kutu kwenye maungio kabla msimu haujaisha. Idadi yake, kadiria moja kwa kila futi ya fimbo, ongeza ya nchani, kisha pitisha mshipi, upinde ufito, na uangalie kama mshipi unafuata mkunjo bila kugusa ufito.

Mashine ya kufungia uzi unaoshika pete kwenye ufito si lazima. Mbao mbili zilizokatwa umbo la V na kutandikwa kitambaa zinashika ufito vizuri. Kidonge cha uzi kiweke ndani ya kikombe, uzi upite katikati ya kurasa za kitabu kizito, na hapo umepata mkazo. Ukitaka kuuongeza au kuupunguza kwa usahihi zaidi, vile visahani vya kukazia uzi kwenye cherehani vinafanya kazi hiyohiyo, na vipuri vya cherehani Kariakoo havikosekani. Uzi mwembamba, namba A, ni wa fimbo nyepesi. Namba D ni wa fimbo za boti.

Kifaa kimoja nisichokifanyia ubahili ni mota ya kuzungushia fimbo. Epoksi, gundi ya chupa mbili inayopakwa juu ya uzi, huchanganywa nusu kwa nusu, na kwa hiyo ninanunua sindano mbili duka la dawa, moja kwa kila chupa, zisichanganywe kamwe. Ikishapakwa, inabaki majimaji kwa saa kadhaa, na fimbo ikisimama inavujia upande mmoja. Mota ndogo inayozungusha sahani ya maikrowevu inakwenda mizunguko 5 au 6 kwa dakika, mwendo unaofaa. Soma kwanza kibandiko chake, kwani nyingine ni za volti 21 tu na ukizichomeka ukutani zinaungua.

Usiku mmoja wa masika umeme ulikatika nikiwa nimeshapaka pete zote. Niliwasha taa ya simu, nikakaa kwenye kigoda nikiigeuza fimbo kwa mkono, robo mzunguko kila baada ya dakika chache, mpaka karibu saa sita. Epoksi haikuvuja. Lakini asubuhi ilikuwa na ukungu mweupe, kwa sababu ya unyevu wa hewa, kwani nilikuwa nimeacha dirisha wazi mvua ikinyesha. Tangu hapo, miezi ya Machi hadi Mei nafunga uzi tu, na kupaka nasubiri siku kavu.