Akupresha si lazima iume

Wengi huamini kwamba akupresha, yaani kubonyeza nukta maalumu za mwili kwa vidole badala ya kuzichoma sindano, ni kazi nusu, hivyo lazima ifidiwe kwa nguvu mpaka mtu akunje uso. Si kweli. Mapitio ya mwaka 2009 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio 40 kuhusu kichefuchefu baada ya upasuaji, hayakuona tofauti ya wazi kati ya sindano na njia zisizotoboa ngozi kwenye P6, nukta ya mkononi inayotumika dhidi ya kichefuchefu.

Nukta hiyo iko upande wa ndani wa mkono. Weka vidole vitatu (cha shahada, cha kati na cha pete) kuanzia kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, kuelekea kwenye kiwiko. Vitumike vidole vya mgonjwa mwenyewe; vya mtu mzima kwenye mkono wa mtoto vitapitiliza. Nukta iko pale vidole vinapoishia, katikati ya kano mbili. Ukiona kano moja tu usishtuke: baadhi ya watu huzaliwa bila ile ya pili.

Bonyeza kwa kidole gumba dakika mbili au tatu, kisha mkono wa pili. Kinachotakiwa ni uzito butu. Ukihisi ganzi au mchomo kama wa umeme vidoleni, umegusa mshipa wa fahamu; legeza. Alama za bluu maana yake umezidisha.

Usibonyeze juu ya kidonda wala uvimbe. Na mjamzito anayetapika hata maji apelekwe hospitali, P6 isubiri.