Gundi ya mtupaji si ya usalama tu

Kwa miaka mingi wapenzi wa besiboli Marekani wameambiana kwamba mtupaji akijipaka kitu cha kunata vidoleni anamlinda mpigaji, mpira usimponyoke ukamgonga mwenzake kichwani. Kuna ukweli hapo. Mpira mpya huteleza, hasa siku za baridi, ndiyo maana kanuni zinaruhusu kifuko cha unga wa ulimbo pale kwenye kichuguu anaposimama mtupaji.

Gundi kali ina kazi nyingine. Vidole vikinata kwenye mshono, mpira huzunguka zaidi, na ule unaozunguka kinyumenyume haushuki upesi kama jicho linavyotarajia. Mpigaji anapitisha gongo chini yake, anakata hewa. Gundi ya Spider Tack, iliyovuma kuliko zote, ilikusudiwa wanyanyua mawe mazito ya mviringo, watu wa mashindano ya nguvu! Hiyo si dawa ya kuteleza.

Tarehe 21 Juni 2021 waamuzi wa MLB, ligi kuu ya besiboli Marekani, walianza kukagua kofia, glavu na mikanda ya watupaji wakitafuta gundi iliyokatazwa, adhabu ikiwa kufungiwa mechi 10. Mizunguko ya mpira ilikuwa imeshaanza kupungua ligini wiki kadhaa kabla, habari za msako ziliposikika tu.